Nilivyofikisha Klorini Hadi Myanga

Shida yangu ilianza mwaka wa 1976, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikufa wakati wa palizi, mama akabaki na sisi watoto na kipande cha shamba chini ya Mlima Elgon, mahali penye mteremko mkali hivi kwamba kiazi kikikuponyoka unakifuata kwa jirani. Nilikuwa darasa la nne. Darasa la tano sijui linafanana vipi mpaka leo. Nilishika jembe nikalima mashamba ya watu kuzunguka Kitale, masika baada ya masika, na hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Naandika haya kwa sababu nyinyi vijana mliobaki kwa mtambo mliniomba, na kwa sababu nimestaafu na sasa nasikia kimya ambacho sijakizoea. Mambo ya vyeo na mshahara siandiki. Hayo yako ofisini, na hayajawahi kusafisha hata ndoo moja ya maji.

Niliingia kazi ya maji na brashi mkononi. Mtambo mmoja upande wa Kitale ulitaka mtu wa kusugua matope kwenye machujio. Karani alitaka mwanamume. Msimamizi wa zamu, Mzee Barasa, akanishika mkono akaugeuza kiganja juu, kama mtu anayekagua mahindi sokoni.

"Huyu mikono yake imeshika jembe," akamwambia karani. "Hao wengine wamekuja kutafuta kivuli. Mpe huyu brashi."

Mzee Barasa alikuwa Mbukusu wa Kabuchai, mfupi, na koti lake la kazi lilikuwa na matundu kila mahali. Nilidhani ni panya. Kumbe ni unga wa klorini. Siku hiyo ya kwanza alinipeleka chumba cha dawa, akasimama mlangoni kwanza kuona upepo unatoka wapi, ndipo akafungua pipa.

"Unasikia hiyo harufu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ikikuuma macho, umekaa vibaya. Ikikugusa pua tu, uko kazini. Usiposikia kitu, jua kuna mtu huko chini anakunywa uchafu na anakushukuru."

Nilivaa leso mpya siku hiyo, nyekundu, nilinunua ili nionekane mtu wa maana. Jioni ilikuwa na madoa meupe kama mbuzi wa shangazi yangu. Mzee Barasa aliitazama akasema, "Sasa umeandikwa kazi."

Alinifundisha mambo ambayo bado nawafundisha. Unga unawekwa ndani ya maji, maji hayamwagwi juu ya unga, la sivyo yatakurukia usoni. Huinami juu ya pipa hata kama umeangusha pete ya ndoa ndani. Na hupimi dawa kwa macho wala kwa mazoea. Unachukua tyubu ya glasi, unaweka maji, unatia kidonge, unatikisa. Yakigeuka pinki, klorini iko. Pinki ikiwa hafifu, dawa ni kidogo. Yakibaki meupe, acha chai yako, kimbia.

Mvua kubwa ya kwanza nikiwa pale, mto ulishuka na rangi ya kakao. Mimi, kwa akili ya shamba, nilitaka kuongeza klorini mara mbili, kama mtu anayeongeza chumvi. Mzee Barasa alinizuia. "Klorini inakula kila kitu inachokutana nacho," akasema. "Ukiipa matope itakula matope ishibe, na vidudu vitapita vikiimba." Kwanza shabu, ili matope yagandane yakae chini. Halafu chujio. Klorini mwisho, ikutane na maji safi na adui peke yake. Hapo ndipo nilianza kuipenda kazi hii.

Mzee Barasa alipostaafu alirudi kwao Kabuchai, na ni yeye aliyewaambia watu wa mradi wa jamii upande wa Bungoma kwamba Kitale kuna mama wa Kisabaoti asiyedanganya tyubu. Wakaniita. Nikaenda na godoro, sufuria na watoto wangu, wa kwanza akiwa Chebet. Kuanzia hapo nikawa Mama Chebet, na wengi wenu jina langu lingine hamlijui. Libaki hivyo.

Mradi ule ulikuwa na bomba refu kuliko lolote nililowahi kulisha. Kutoka mtambo linapita karibu na Mabanga, tawi moja linakwenda Kabuchai, na lile refu kabisa linakwenda Myanga na kupita soko, mpaka kwa nyumba za mwisho. Na shida yetu ilikuwa hapo mwisho. Nikipima Mabanga, tyubu inakuwa pinki kama midomo ya bibi harusi. Nikipima Kabuchai, pinki hafifu, ya kuombwa. Nikipima mwisho wa Myanga, meupe. Klorini ilikuwa inachoka njiani. Inakula kutu ya bomba, inakula uchafu, na jua linapasha lile bomba siku nzima. Ikifika kwa mama wa mwisho imebaki jina.

Tuliongeza dawa hapa juu. Watu wa Mabanga wakaja na vikombe vya chai. "Onja hii, Mama Chebet. Hii ni chai ama ni dawa ya kufua?" Na kule mwisho bado meupe. Kila masika watoto wa nyumba zile walikuwa wanaendesha tumbo, wengine wanalazwa. Walikuwa wanakunywa maji ya mfereji, maji yangu. Hilo lilinikera kuliko mtu angenitukana.

Ndipo akaja Injinia Kamau. Kijana mrefu, mtoto wa wale watu wa Nyeri waliopata mashamba Trans-Nzoia, amelelewa Kitale kama mimi, ila yeye alikwenda mpaka darasa la tano na akaendelea. Alikaa na mimi kwenye ngazi ya tangi akasema, "Mama, nataka tutie amonia."

"Amonia ile inayonuka kwa zizi la ng'ombe?"

"Hiyo hiyo."

"Kwa maji ya kunywa?"

"Kwa maji ya kunywa, mama. Kidogo sana."

Nilimtazama nione kama amelewa. Hakuwa amelewa. Akanieleza, na nilimwambia arudie mpaka niweze kumweleza yeye, na hivyo ndivyo nawashauri mfanye na kila injinia. Klorini ikikutana na amonia wanazaa kitu kinaitwa kloramini. Kloramini ni mpole. Inaua vidudu polepole kuliko klorini, lakini haichoki haraka, haina harufu kali, inaweza kutembea bomba refu na kufika. Kwa hivyo unaiacha klorini peke yake ifanye vita kwanza ndani ya tangi, halafu maji yakiwa yanatoka unatia amonia kidogo, ili yasafiri na mlinzi.

Kanuni zake zina ukali. Klorini lazima iizidi amonia, mara nne mpaka karibu tano kwa uzito. Ukizidisha klorini kupita hapo, inageuka kitu kingine chenye harufu ya kuchoma pua. Ukizidisha amonia, ile inayobaki bure inakuwa chakula cha vidudu ndani ya matangi, na mlinzi wako analiwa polepole. Amonia yetu ilikuja kama chumvi nyeupe kwenye magunia. Niliifungia chumba chake, mbali na cha klorini, ufunguo tofauti, koleo tofauti, hata ufagio tofauti. Vitu hivyo viwili vikikutana vikiwa vikavu vinaweza kulipuka. Waliosema ninaringa na funguo zangu bado wana vidole kumi.

Na kupima kulibadilika. Kidonge cha kwanza kinaonyesha klorini iliyo peke yake. Cha pili kinaonyesha yote, pamoja na ile iliyofungwa na amonia. Ukitumia cha kwanza tu utaona meupe na utadhani maji hayana dawa, utaongeza, utaharibu. Vidonge viwili. Nimesema.

Kabla hatujafungua, Injinia alikwenda mwenyewe hospitali zenye mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, kwa sababu kloramini ikipita kwenye mashine hizo ni sumu kwa damu, hata kama kwa tumbo haina neno. Hakutuma simu. Alikwenda, akangoja mpaka waweke machujio yao ya mkaa na kuyapima, ndipo akarudi akasema, "Sasa." Mkitaka kujua kwa nini namheshimu, ni hiyo.

Wiki zile za kwanza nilikwenda mwisho wa Myanga na tyubu yangu. Kidonge cha kwanza, hafifu. Cha pili, pinki. Nilisimama pale kando ya mfereji wa mwisho nikiitazama kama picha ya mjukuu. Mama mmoja akaniuliza kama niko sawa.

Tulikuwa tumesahau mambo mawili. La kwanza, yale magunia. Yaliandikwa jina ambalo kila mkulima wa mahindi kutoka Kitale mpaka Bungoma analijua. Ni chumvi ile ile tunayoita S.A., mbolea ya kukuzia mahindi, ila yetu ilikuwa safi ya kazi ya maji. Watu waliyaona yakishushwa kwa lori. La pili, ilikuwa Agosti, mwaka wa kutahiri. Na Agosti ya kutahiri, Bukusu yote inapika busaa, ile pombe ya nafaka.

Wapishi wa busaa walikuwa na ujuzi wao juu ya maji ya mfereji. Wanateka jioni, wanayaacha wazi kwa pipa mpaka kesho yake, klorini inatoka yenyewe hewani, halafu wanapikia. Walikuwa wamefanya hivyo miaka yote na busaa inatoka vizuri. Lakini kloramini haiondoki kwa kulazwa usiku mmoja. Tuliileta kwa sababu haiondoki. Wakalaza maji kama kawaida, wakakoroga unga uliokaangwa na kimea cha wimbi, wakafunika. Walipofunua, busaa ilikuwa na harufu ya wodi.

Habari ilifika kwetu asubuhi moja: kina mama wa mwisho wa Myanga wamefunga kioski cha maji kwa kufuli, na wanateka kijito. Kijito kile kinapita chini ya vyoo vya soko. Wageni wa sherehe walikuwa wanaanza kuingia, nyumba baada ya nyumba, watu wa kulala, kula na kunywa kutoka pipa moja. Na homa ya matumbo ilikuwa tayari imeanza kusikika upande ule. Wakinywa kijito juma hilo, tungezika watu. Hiyo haikuhitaji injinia.

Nilipanda bodaboda nikaenda. Kiongozi wao alikuwa Mama Nekesa, mpishi ambaye wazee wanatembea kutoka Kabuchai kwa sababu ya chungu chake. Mjukuu wake alikuwa anatahiriwa juma hilo. Alikuwa amekaa juu ya mtungi mbele ya kioski, ufunguo wa kufuli umefungwa kwenye pindo la leso.

"Ndiye huyu," akawaambia wenzake. "Mama wa mborea. Umekuja kuangaria kama tumemea?"

"Hamjambo, dada zangu."

"Hatujambo, tumebaki kutoa mbelewele." Wakacheka wote. Hawakuwa wanacheka na mimi.

"Kufuli nimeiona," nikasema. "Na kijito nimekiona, na choo kilicho juu yake pia nimekiona. Nani ameonja hiyo busaa?"

"Wewe ungeonja?"

"Mimi nimeokoka."

"Si unaona?" Mama Nekesa akawageukia. "Ameokoka, hajui busaa, na ameharibu busaa. Wazee wanakuja na milija yao, mama. Niwape nini, soda? Mjukuu wangu asimame mbele ya kisu na babu zake wamenuna?"

Sikumwambia ni mambo madogo. Si mambo madogo. Nikamwambia ukweli wote, amonia, magunia, bomba refu, watoto waliolazwa masika iliyopita. Kwamba ni ndugu ya mbolea, ndiyo, na kwamba chumvi ya kuweka ugonjwa mbali na chumvi ya kukuza mahindi zinaweza kuwa chumvi moja, kama vile kisu cha jikoni na cha mtahiri vyote ni chuma. Hapo mama mmoja nyuma akaguna. Guno la kukubali nalijua.

"Basi itoe," Mama Nekesa akasema. "Kama unajua kuitia, unajua kuitoa."

Nikasogea kando nikampigia Injinia simu.

"Vitamini C," akasema mara moja. "Inaiua kwa dakika. Vidonge viko kila duka la dawa, mama. Unasaga, unakoroga."

"Hawa wanasema tumewawekea dawa. Nikiwaletea vidonge watanifungia ndani ya kioski."

"Kwa shamba ni nini chenye vitamini C nyingi?" akauliza, kama anajiuliza mwenyewe.

"Limau?"

"Limau linayo. Sijui kiasi gani kwa ndoo, itabidi upime."

"Kupima ndiyo kazi yangu," nikasema, nikakata.

Nyuma ya nyumba ya Mama Nekesa kulikuwa na mlimau umeinama kwa uzito. Nikaomba ndoo ya maji ya mfereji yaliyobaki kwa pipa, nikatoa tyubu zangu, nikakaa chini kati yao. Kwanza niliwaonyesha maji yenyewe: kidonge cha kwanza, cha pili, pinki. "Hii pinki ndiyo inaharibu busaa," nikasema, "na hii pinki ndiyo inawalinda watoto. Msisahau zote mbili." Halafu nikakamua limau ndani ya ndoo, nikakoroga, nikangoja, nikapima. Bado pinki, lakini imepauka. Nikakamua lingine. Imepauka zaidi. Shingo zilianza kunyooka. Wale waliokuwa wamenigeuzia mgongo wakaja kuchuchumaa. Nikaendelea kukamua na kupima mpaka nikatia vidonge vyote viwili na tyubu ikabaki meupe kama maji ya mvua.

"Imeenda wapi?" mmoja akauliza.

"Limau limeimaliza."

Mama Nekesa alichukua tyubu akaiinua juani. Akaigeuza. Akanusa. "Busaa ni chachu," akasema polepole, "limau haritaionea aibu." Halafu akanitazama. "Na ikiharibika tena?"

"Ikiharibika nitakuja mimi mwenyewe na kufuli ya pili, mnifungie nayo."

"Na utakunywa?"

"Hapana. Hiyo mtaniombea kwa Mungu."

Walicheka tena, na safari hii nilikuwa ndani ya kicheko. Lakini niliwawekea sharti langu, na nawaachia nyinyi pia: maji ya limau ni ya busaa tu, yakorogwe hapo hapo. Yameshapoteza mlinzi wake. Ya kunywa yatoke kwa mfereji, yaingie kwa kikombe, mtu asiyaguse. Mama Nekesa alifungua pindo la leso, akampa binti yake ufunguo. Kioski kikafunguliwa. Alikuwa na unga uliokaangwa uliobaki na kimea cha kutosha. Wakaanza upya siku hiyo hiyo.

Siku ya busaa kuiva nilikuwa kule, nimevaa gauni la kanisa, sikulala vizuri. Wazee walikaa kuzunguka chungu na milija yao mirefu. Yule mkubwa wao, babu wa kijana, alijua hadithi yote. Alitia mlija, akavuta. Hakusema vizuri, hakusema vibaya. Alivuta tena. Akafunga macho akavuta mara nyingine, na mzee wa pembeni alipomwambia asogee kidogo, akajibu na mlija ungali mdomoni, "Ngoja bwana, bado naonja."

Mama Nekesa alinipiga bega nusura nianguke.

Kijana alisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na babu zake hawakununa. Wageni walikuja kwa nyumba zote zile, walikula, walilala, walikunywa maji ya mfereji, na mhudumu wa afya wa upande ule aliniambia baadaye kwamba juma lile alikaa akingoja wagonjwa wa kuendesha kutoka nyumba za mwisho na hawakuja. Masika iliyofuata pia alingoja. Nilipima mfereji wa mwisho kila nilipopita, kidonge cha kwanza na cha pili, na pinki ilikuwa pale kunipokea.

Habari ya limau ilitembea kuliko bomba letu. Wafugaji wa samaki wa Kabuchai walikuja kuuliza, kwa maana kloramini inaua samaki na kulaza maji hakuwasaidii tena. Hao niliwaambia waende kwa vidonge vya Injinia na wapime, samaki hapendi uchachu kama mzee. Na sisi kwa mtambo tuliendelea kujifunza. Matangi yakikaa bila kutumika wakati wa joto, vidudu vya amonia vinaanza kula mlinzi, na pinki inapungua bila sababu unayoiona. Ukiona hivyo, fungua mwisho wa bomba, mwaga maji yaliyozeeka, safisha tangi, na mkishindwa kabisa rudini kwa klorini peke yake kwa muda mpaka bomba lioge. Watangazieni watu kwanza. Kina mama wa busaa watajua hata msipotangaza.

Nimefanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa ngazi za tangi. Nimesoma mpaka darasa la nne na maji yangu yamefika Myanga.

Leo nina shamba langu Kitale, tambarare. Nina nyumba ya mabati yenye vyumba vya kutosha na sakafu ya simenti. Nina ng'ombe wa maziwa na banda lao. Nina watoto waliomaliza shule wote. Nina mfereji uani, na tyubu zangu kwenye dirisha la jikoni. Nina leso nyingi, zote na madoa meupe. Na kule Myanga, kwa Mama Nekesa, nina kiti. Kiko karibu na chungu, kati ya wazee, na nikifika na soda yangu mkononi, mwanamume aliyekikalia anainuka.